Nyota Zilizofungamana

Wodi ya wanawake ya hospitali, kule mlimani karibu na kwetu Nkoaranga, ilinuka dawa ya kupigia deki na ndizi za kuchemsha. Nilikuwa na miaka kumi. Nilikuwa nimeteleza na mzigo wa majani ya ng'ombe kwenye njia ya mteremko, nikavunjika paja, na sasa mguu wangu ulivutwa kwa kamba yenye uzito uliolewalewa mwisho wa kitanda. Mchana kutwa nilitazama dari. Masika yalikuwa yameshika. Wenzangu walipita wakitoka shule, nikawasikia vicheko tu. Mama aliponiletea loshoro, mahindi na maziwa mgando, nilimuuliza nitatoka lini. "Wiki ijayo, mwanangu. Subira huvuta heri." Wiki ilifika, akajibu vilevile. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Alasiri moja nikaifungua kamba mwenyewe nishuke. Maumivu yalinipasua, nikapiga yowe mpaka wauguzi wakaja mbio. Daktari alisema nimejiongezea siku. Ngapi, hakusema.

Kitanda cha pili alilazwa Mwalimu Elinami, mama wa Kichaga aliyefundisha fizikia mjini Arusha, naye amevunjika nyonga. Kesho yake alininyooshea kitabu chenye picha: nyota maelfu kwa maelfu, zimesongamana kama nyuki waliotua tawini.

"Zimefungwa na nini?" nikauliza.

"Zinavutana zenyewe. Mara chache moja huchomoka."

"Nani alizikusanya?"

"Sijui."

"Si wewe ni mwalimu?"

Akacheka, akajishika nyonga. "Hata walionifundisha hawakujua. Ni kongwe kuliko jua letu, na jinsi zilivyoanza bado ni fumbo."

Nikamrudishia kitabu. "Mwalimu, nitatoka lini?"

"Hilo nalo sijui, binti yangu. Ila hata mimi kesho sitoki."

Nililia, safari hii bila hasira. Tulilala pale wiki tano zaidi, kila alasiri tukibuni nyota zile zilivyokutana. Nilitoka nikichechemea.

Leo naishi Daraja Mbili, mjini Arusha, na bado nachechemea. Nimesoma kwamba wataalamu wengine wanadai nyota zile zilizaliwa magalaksi machanga, yale makundi makubwa ya nyota, yalipogongana, wengine wanabisha. Najua mengi kuliko alivyojua Mwalimu. Lakini sijawahi kumfariji mtu kwa ninayoyajua, kama yeye alivyonifariji kwa asilolijua.