Mguu wa Fundi Breki

Gereji yao ilikuwa banda la bati lenye milango miwili. Upande wa barabarani fundi alitengeneza breki, na breki tu. Upande wa nyuma mkewe alishona vitambaa vya viti vya magari kwa cherehani. Walifanya kazi hivyo miaka mingi, wamepeana migongo, wakizungumza bila kugeuka.

Fundi huyo watu walimwita Peku. Gari likiletwa, alivua kiatu cha kulia, akaketi kwenye kiti cha dereva na kukanyaga pedali kwa unyayo mtupu, macho kayafumba. Kisha alisema: hii imeingiwa na hewa, hii silinda yake kuu inavuja kwa ndani, hii mpira wake wa kupitisha mafuta umechoka, unavimba kila ukikanyaga. Mafundi wenzake walimtania kwamba angefungua duka la uganga, lakini magari yaliyowashinda waliyaleta kwake.

Kisukari kilimpata alipovuka hamsini. Alikipokea kama wengi wanavyokipokea: alipunguza sukari kwenye chai, mkewe akiwa anatazama. Baadaye nyayo zikaanza kufa ganzi, vidole kwanza, kisha kisigino. Hakumwambia mtu. Kitu kinachopotea kidogo kidogo hakina siku yake ya msiba. Aliendelea kuvua kiatu na kufumba macho, na kwa kuwa alikuwa mjuzi wa magari, mara nyingi alipatia kwa kusikiliza malalamiko ya dereva tu.

Kaka wa mkewe alikuwa na gari la kubeba watoto wa chekechea. Breki za mbele zilikuwa zinang'ang'ania, akalileta. Kwa kawaida Peku alifungua upande mmoja, akaurudisha, ndipo akahamia wa pili. Siku hiyo, ili asizunguke gari mara kwa mara kwa miguu asiyoiamini, alifungua kalipa zote mbili, yale makucha ya chuma yanayobana diski, akakaa kwenye kigoda na kuziosha pamoja katika beseni moja. Akabadilisha mipira ya ndani, akazifunga. Mkewe alikuwa amekwenda kununua uzi, kwa hiyo, bila mtu wa kumkanyagia pedali, akatoa hewa ya breki peke yake kwa chupa na kipande cha mpira. Akakanyaga pedali. Akasema tayari.

Kesho yake, watoto wakiwa darasani, shemeji akarudi.

"Shemeji, hii uliyonifungia ni breki au godoro?"

"Vipi tena?"

"Nikikanyaga, inazama. Mpaka niipampu mara tatu ndiyo inasimama. Asubuhi nimeshuka mteremko wa shule na watoto ndani, mguu unaitafuta pedali kama ndara chini ya kitanda."

"Miguu yenyewe ya kuazima. Hebu nipishe."

Peku akavua kiatu, akaketi, akakanyaga, akafumba macho.

"Iko sawa. Ngumu kama jiwe. Nenda kachukue watoto."

Shemeji akamtazama dada yake. Alizoea kumtania shemeji yake kuhusu kila kitu isipokuwa kazi.

Cherehani ilinyamaza. Wiki hiyo mkewe alikuwa amemwona Peku akiingia jikoni na msumari uliopenya soli ya ndara, akitembea kama kawaida, huku damu ikibaki sakafuni. Aliuchomoa, akafuta sakafu.

"Teremka," alimwambia sasa.

"Mama, wewe shona viti."

"Teremka nikae mimi."

Alikaa, akakanyaga. Mguu ulishuka taratibu hadi karibu na sakafu.

"Inazama."

"Mguu wako haujui breki."

"Haujui. Lakini unahisi."

Shemeji akatoka nje kukagua matairi ambayo hayakuwa na tatizo.

"Tangu lini?" mkewe akauliza.

"Muda."

"Na magari ya watu?"

Peku alikuwa akifunga kamba za kiatu. "Ulitaka niwaambie nini? Kwamba Peku hana mguu?"

"Huyu anabeba watoto, Baba."

Peku akapandisha gari kwenye jeki, akavua magurudumu ya mbele, akalala chali pembeni.

"Kanyaga. Shikilia." Akalegeza skrubu ya kutolea hewa, mafuta yakatoka, akaikaza. "Achia."

Walirudia, upande huu na upande ule. Mafuta yalitoka safi, bila povu. Hakukuwa na mahali panapovuja. Pedali bado ilizama. Peku akaomba tochi, akaimulika kalipa kwa muda mrefu. Skrubu ilikuwa chini ya kalipa. Inatakiwa iwe juu, kwa sababu hewa hupanda. Alikuwa akiitafuta hewa mlangoni, nayo imejikalia darini.

"Nimezibadilisha," alisema kutoka chini. "Ya kulia nimeifunga kushoto."

"Hilo kosa la wiki ya kwanza gereji," shemeji alisema kutoka mlangoni.

"Ndiyo."

Shemeji alisubiri atukanwe, kama ilivyokuwa kawaida yao. Alipoona hakutukanwa, akaingia kushika tochi.

Kalipa zikarudi kila moja upande wake. Safari hii skrubu ilipolegezwa, mafuta yalitoka yakitema povu, kisha yakatulia.

"Imesimama," mkewe alisema.

"Imesimama wapi?"

"Juu. Sijui nikuelezeje. Kama kukanyaga kizingiti."

Shemeji alilijaribu gari kwenye mteremko, akarudi na kupunga mkono tu dirishani, akaenda kuchukua watoto.

Siku iliyofuata akaja dereva wa teksi, akamrushia Peku ufunguo. "Njoo ukanyage, mzee. Pedali imekuwa laini."

Peku aliudaka, akaugeuza kiganjani.

"Anayekanyaga siku hizi ni mama. Mimi nyayo zimekufa ganzi. Kisukari."

Dereva alicheka, akingoja mzaha umalizike. Haukuwa mzaha, akaacha. Akasimama akiwatazama wote wawili, kama mtu anayepima iwapo aingie au aende kwingine. Hakuomba ufunguo wake.

Mkewe aliketi, akakanyaga.

"Ikoje?" Peku aliuliza.

"Kama unga."

"Mkavu au uliokandwa?"

Akakanyaga tena, polepole. "Uliokandwa."

Peku alichuchumaa kando ya tairi. Hakuwa na hakika kama unga uliokandwa ni hewa au ni mpira unaovimba. Akachukua spana, akaanza na hewa.