Mi, Fa, La

Mkoba wangu wa ngozi, uliojaa vitabu nisivyovisoma, ukinyeshewa hunuka kama mivukuto ya ngozi ya kinanda cha misheni kule Masisi. Hapo nilijaribiwa kuingia kwaya ya wanafunzi bora, niliyoitamani kuliko nyama. Maître, mwalimu aliyeiongoza, aliniambia niimbe noti "mi, fa". Nikafunga kinywa. Nani ajitabirie kifo hadharani?

"Imba, ao urudi kwenu kulima maharagi!"

Mama mmoja aliyepiga kinanda aliacha kukanyaga pedali, akacheka. "Maître, mutoto anasikia 'mi nakufa'. Umupe 'la'. Akisikia kula, njo ataimba."

Nilikuwa nimetoka nyumbani bila kula. Nikaiimba ile "la" mpaka wenzangu wakageuka.

"Huyu iko na njaa," alisema Maître, akiandika jina langu. "Asimame mbele."