Mchanga Mweusi wa Solgae

Pyo Bunrye, aliyelala katika Bwana akiwa na miaka themanini na minne, alikuwa fundi wa kufukia watu. Kila mwaka, siku ya ishirini ya mwezi wa nne kwa kalenda ya kizamani, wanawake wa kijiji cha pwani cha Solgae hushuka ufukweni kulala ndani ya mchanga wa moto ili uwatoe maumivu ya viungo. Mshika beleshi alikuwa Bunrye. Ndiye pia aliyegundua kwamba mchanga mweusi, ule wa karibu na kiwanda cha kuyeyushia madini, hushika joto kuliko mwingine wote.

"Dawa hii, shoga zangu! Mungu kaipika mwenyewe."

Wakamfuata huko huko miaka thelathini.

Kumbe mpishi hakuwa Mungu. Wapimaji walipokuja walieleza kwamba weusi ule ni masalia ya kiwanda, yamejaa madini ya risasi, ambayo ni sumu. Ufukwe ukazungushiwa uzio, wanawake wakapimwa damu. Saba walikutwa na madini hayo kwa wingi mwilini, wote marafiki wa Bunrye. Kwa rehema za Mungu walitibiwa na hakuna aliyekufa kwa hilo, wala hakuna aliyemlaumu. Hata hivyo Bunrye aliweka nadhiri: hatalala mchangani popote mpaka awaone wenzake wamelala tena Solgae, pakiwa safi. Wengine walipopanda basi kwenda fukwe za mbali, yeye alibaki nyumbani akisugua magoti kwa dawa ya kuchua.

Kusafisha kulichukua miaka kumi na mmoja. Mpimaji wa mwisho, Bwana Do, alitaka kuchota mchanga sehemu sita tu. Bunrye akamshika mkono.

"Sita za nini, mwanangu? Hapa alikuwa akilala Okhui, chota. Hapa Malsun, yule mnene. Chota mara mbili."

Walimaliza na vichupa arobaini na vitatu. Majibu yote yakatoka safi.

Siku ya Mchanga, ile ishirini ya mwezi wa nne, ikafika. Uzio uling'olewa, mchungaji akaomba, ngoma zikalia. Lakini wanawake walisimama tu kwenye nyasi, viatu miguuni. Bunrye naye alishika beleshi lake, asithubutu kumwita mtu.

"Dada," Okhui akamwambia, "hilo beleshi ni la mapambo?"

"Nawaogopea."

"Leo ndiyo unatuogopea? Miaka thelathini umetufukia kama viazi!"

"Ndiyo maana."

Okhui, mwenye miaka themanini na mmoja, akavua viatu, akashuka, akajilaza chali. "Nifukie mimi. Na usinibanie mchanga, kiuno changu kibovu."

Bunrye akasali kimoyomoyo, akachota. Akammwagia mchanga taratibu hadi kifuani.

"Vipi?" akauliza.

"Kwa moto haufikii ule mweusi," Okhui akasema, macho kayafumba. "Lakini huu naulala bila kwenda kupimwa damu."

Kicheko kikalipuka kule kwenye nyasi. Viatu vikatupwa ovyo, wanawake wakashuka wakigombea nafasi, na Malsun akampokonya Bunrye beleshi.

"Nadhiri imekwisha, Dada. Lala chini!"

Wakamfukia mpaka kidevuni. Akaimba nyimbo za kanisa, kila ubeti kwa sauti yake, na walipomwambia muda wake umetosha, akakataa katakata kutoka.

"Miaka kumi na mmoja nimengoja," alisema. "Niongezeeni huku mabegani."