Jina Lililobaki Pangoni

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, niliacha jina la mdogo wangu ndani ya pango, juu ya vilima vya Zombo. Wapo watakaocheka. Wacheke tu. Mimi mwenyewe ni mwalimu, nimefundisha sayansi huko Kimamba miaka mingi, na hadi mwaka huu pango lile lilikuwa halijanitoka rohoni.

Bibi aliyetulea alikuwa Mwanglikana hasa. Kanisani hakosi, na vitambaa vya madhabahuni alivifua yeye. Lakini kuhusu pango alikuwa na sheria yake: ukiingia mle, usimwite mtu jina. Jina likiitwa pangoni na mwenyewe asiitike, pango hulishika, na mwenye jina hudhoofika.

Siku hiyo mimi na Tabitha tulikuwa tunaokota kuni, mvua ikatukuta mlimani, tukakimbilia pangoni. Tabitha alikuwa na miaka sita na hakujua kutulia. Nilipomaliza kukamua gauni langu nikageuka, sikumwona. Niliogopa hadi nikasahau yote niliyofundwa. Nikapaza sauti, "Tabitha!" Hakuitika. Lililojibu ni pango: Tabitha, Tabitha, Tabitha, mpaka ndani kabisa. Nilimkuta amejificha nyuma ya jiwe, kajiziba mdomo, anacheka.

Siku ya tatu akashikwa na homa kali. Nilijibanza nyuma ya jiko nikilia mpaka Bibi akanikuta, nikamweleza.

"Ulimwita?"

"Nilimwita, Bibi."

"Akaitika?"

"Hakuitika. Sikudhani, Bibi. Sikudhani kama..."

Hakunichapa, na heri angenichapa. Kwanza alimpeleka Tabitha zahanati kwa baiskeli ya mjomba, maana Bibi alijua kuwa malaria ni malaria. Waliporudi na dawa, akanishika mkono hadi kwenye mlango wa pango. Akanyunyiza unga, akasema maneno ya Kisagara kwa upole, kama mtu anayemwomba jirani amrudishie ungo wake. Akatega sikio. Kisha akatikisa kichwa.

"Halijatoka, mke mwenzangu. Atalifuata mwenyewe akiwa mtu mzima, na wewe uliyeliacha ndiye utakayemwita. Mpaka siku hiyo ataitwa Sikudhani."

Kwetu mtoto kupewa jina la tukio si ajabu, na kina Sikudhani wako wengi. Lakini kwangu ilikuwa adhabu. Kila mdogo wangu alipoitwa kula, kuoga au kuchota maji, nilisikia maneno yangu mwenyewe. Homa iliisha, jina likabaki. Tabitha aliishi kwenye rejista ya shule tu. Akakua, akaolewa, akafungua mgahawa Mikumi kwenye barabara kuu ya Iringa, na madereva wa malori wakazoea kuagiza supu kwa Sikudhani. Bibi akafariki. Pangoni hatukwenda. Yeye alisema ana kazi nyingi. Kwangu ulikuwa woga, nisizunguke. Nikimwita na asiitike tena, je?

Mwaka huu kijiji kikaligeuza pango kuwa makumbusho. Mdogo wangu akanipigia simu. "Dada, wateja wangu wanakwenda kule kutalii, sisi wenye pango tumekaa tu. Jumamosi njoo, na usilete habari za mitihani."

Tulipanda kwa bodaboda. Mwongozaji alikuwa binti mdogo aliyevaa fulana ya kijani. "Shikamooni, mama zangu." Tukaitikia marahaba. Akatuonyesha mawe ya kusagia, vigae vya vyungu, na masizi ya mioto ya kale kwenye dari ya mwamba. Watu wetu, alisema, waliishi humu walipowakimbia wakamata watumwa. Halafu akaongeza, kama jambo dogo tu:

"Humu ilikuwa mwiko kuitana majina. Sauti inapigwa na mwamba, inatoka hadi bondeni. Mtu mmoja akiitwa, wote wanakamatwa."

Nilishika ukuta. Miaka yote hiyo nilidhani pango lina uchoyo. Kumbe Bibi alikuwa mlinzi lindoni ambaye hakuna aliyekumbuka kuja kumwambia kwamba vita vimekwisha. Alilinda, na mama yake kabla yake alilinda, hata baada ya adui kusahauliwa.

Mdogo wangu alimgeukia yule binti. "Kwa hiyo siku hizi hakuna wa kutukamata?"

"Hakuna, mama."

"Sasa mbona unanong'ona?"

Binti akacheka. Mdogo wangu akaenda moja kwa moja hadi kwenye lile jiwe la zamani, akajificha nyuma yake, mwanamke mzima, kitenge kimetokeza kulia na kushoto. "Haya, dada," akasema. "Usiniweke, nimeacha maharage jikoni."

Nikauachia ukuta. Nikaita, "Tabitha!"

Pango likaanza: Tabitha, Tabi...

"Abee!"

Aliitika kwa ile sauti ya kumwita dereva kutoka ng'ambo ya barabara, ikameza mwangwi wote. Binti akapiga kigelegele bila kujua tunashangilia nini, nasi tukampokea, mwamba nao ukatupokea. Nililia kwa furaha, sioni haya kusema. Niliwawaza wale waliozima sauti zao humu ili siku moja sisi tuzaliwe. Kelele ile ilikuwa ushindi wao, sisi tulikuwa midomo tu.

Siwafundishi wanafunzi wangu kwamba pango hushika majina. Lakini mtu asiniambie kwamba Bibi alikuwa mjinga. Madereva wa Mikumi bado wanamwita Sikudhani, naye anawaitikia, biashara ni biashara. Mimi nikishuka kwenye basi humwita Tabitha kutoka ng'ambo ya barabara, kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika, na sivuki mpaka aitike.