Picha Inayochelewa

Mtaani walimwita Fundi Waya, na mkewe wakamwita Bingwa, maana hapakuwa na aliyewahi kumshinda kwenye gemu la kuruka mashimo. Mashine yenyewe ya gemu ilikuwa kuukuu, imegeuka rangi ya njano kama meno ya mvutaji. Waliinunua mwaka waliooana badala ya kabati, nguo zikakaa kwenye maboksi, na hakuna aliyejuta.

Bingwa mwenyewe ndiye aliyedai televisheni bapa. Chogo, ile televisheni yao ya zamani yenye mgongo mnene, imechoka, alisema, haimtii tena. Fundi akaihamishia chogo karakanani, akaleta bapa pamoja na kisanduku cha kukuza zile picha ndogo za zamani zijaze kioo kipya. Balaa likaanzia hapo. Kila Bingwa aliposimamisha mchezo, kioo kiligeuka cheusi, na picha ikirudi inayumba.

"Fundi gani wewe? Wa nje unawapa picha, mkeo unampa giza."

"Mganga hajigangi," alijibu, akaenda kuchukua bisibisi.

Ugonjwa aliujua. Mchezo ukisimama, mashine hubadili aina ya picha, na kisanduku hupoteza ishara inayokiambia kila picha inaanzia wapi. Akaunga kebo yenye waya wa peke yake kwa ishara hiyo. Giza likaisha, Fundi akavimba kichwa.

"Sasa inachelewa," Bingwa akasema. "Nabonyeza, anaruka baadaye."

Hilo nalo halikumshtua. Televisheni bapa hupenda kuiremba picha kabla ya kuionyesha, na urembo huchukua muda. Akauzima urembo wote. Akabadilisha kebo, pedi ya kuchezea, hata kisanduku, kwa kanuni yake ya miaka yote: ondoa kimoja kimoja, kitakachobaki ndicho mwizi. Alipojaribu mwenyewe aliona mambo shwari, lakini kwenye gemu alikuwa mbumbumbu wa kutupwa, hivyo hakuiamini mikono yake. Aliiamini ya mkewe.

"Bado, mume wangu," alimwambia kila jioni.

Mwishowe akaibeba chogo kuirudisha nyumbani, mgongo ukimlaani njia nzima. Hiyo haina urembo wala kisanduku. Waya unatoka kwenye mashine unaingia moja kwa moja. Akaiwasha, akampa mkewe pedi.

"Haya, leo huna kisingizio."

Alisema kwa utani, maskini. Bingwa akabonyeza, na yule mtu mdogo akatumbukia shimoni. Akarudia, akatumbukia. Safari hii Fundi hakutazama kioo, alitazama kidole gumba. Shimo lilikuja, macho ya mkewe yakaliona, na kidole kikabaki pale kinatetemeka kabla ya kubonyeza. Akakumbuka vikombe vilivyovunjika, na vifungo vya blauzi alivyoombwa kufunga kwa sababu eti vidole vina baridi. Hakikubaki kitu cha kuondoa. Moyo ulimvunjika, na hakujua mikono yake aiweke wapi.

"Umejua tangu lini?" akauliza.

"Kabla ya bapa. Ndiyo maana niliitaka, nipate cha kulaumu." Bingwa aliiweka pedi mapajani. "Daktari anasema ni mishipa ya fahamu, na haitarudi kama zamani."

"Na mimi nahangaika na waya. Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Ulikuwa na uhakika utaitengeneza. Nami nikikuona na bisibisi yako, nilikuwa naamini kidogo."

Kwenye kioo, yule mtu mdogo alisubiri ukingoni mwa shimo.

"Rudisha ile bapa," Bingwa akasema.

Fundi Waya alikuwa hajawahi kuharibu kazi yake kwa makusudi. Jioni ile aliisukuma chogo kando, akaunga bapa, na urembo wote aliouzima akauwasha tena, mmoja baada ya mwingine. Kisha akaketi karibu na mkewe, bega kwa bega, akamshikisha pedi.

Bingwa akatumbukia shimo la kwanza.

"Inachelewa sana televisheni yako hii," akasema.

"Sana," Fundi akakubali, machozi yakimtoka. "Kesho nitaiangalia."