Kiganja cha Bibi Sebuleni

Ukitaka kucheka, cheka sasa, halafu unisikilize. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu.

Nilikuwa nimeizunguka nchi hii karibu yote. Nimechimba vito Tunduru, nimelima vitunguu Ruaha, nimeuza dagaa Mwanza. Popote nilipokuwa, nikinusa mvua tu, nakumbuka migomba ya kwetu Lupepo. Mwisho nikachoka. Nikapanda basi Mwanza, nikalala Dodoma, nikashuka Tukuyu ukungu ukiwa umelala hadi barabarani, nikaapa kwamba safari zimeisha.

Nyumba ya marehemu mama ilikuwa imara, ila giza. Mke wangu Neema, niliyemwacha kwao Songea, aliniambia kwenye simu, "Mimi gizani siji. Ing'arishe kwanza hiyo nyumba." Basi, kilichobaki kilikuwa ukuta mweupe tu, na ningekuwa na mke na kwetu.

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale mjini, muuzaji alinifungulia kadi ya rangi. Nyeupe ya maziwa, nyeupe ya theluji, nyeupe ya ganda la yai.

"Chagua, kaka, zote nyeupe."

"Kama zote nyeupe, mbona ziko nyingi?"

"Ili watu wagombane na wake zao."

Bibi mmoja aliyejikinga mvua mlangoni akacheka pamoja nasi. Akasogea, akaichungulia kadi. "Nyeupe yetu haimo humu," akasema.

Nami kwa adabu tu, kama tunavyomkaribisha mzee yeyote, nikamwambia, "Basi karibu nyumbani, bibi, uje unichagulie."

"Ndaga fijo, nkamu," akanishukuru kwa Kinyakyusa. "Nitakuja."

Sikumwelekeza kwangu ni wapi. Niamini, hilo nililikumbuka baadaye.

Kesho yake alasiri nilikuwa nimepaka vipande vitatu ukutani, nivitazame kwa mwanga wa dirisha. Yule bibi akabisha hodi. Akavitazama vyote, akatikisa kichwa, akaweka kiganja chake pembeni. "Hii."

Alipokiondoa, ilibaki alama nyeupe, mbichi. Weupe gani ule! Ulikuwa wa ule udongo wa mtoni ambao kina mama walipaka nyumba zetu kwa mikono nilipokuwa mtoto. Nikaenda jikoni kumletea chai. Niliporudi, kiti kitupu, na kwenye matope ya nje hakuna unyayo ila wangu.

Nikapaka rangi juu ya kile kiganja. Asubuhi kikarudi, na kingine kando yake. Nikapaka tena, vikawa safu. Nikakwangua kwa msasa, vikapanda hadi darini. Wewe ungefanya nini? Mwishowe sebule nzima ikawa nyeupe, nzuri kuliko kadi yoyote, na haikauki. Niliwasha moto, nikaacha madirisha wazi. Maji yakazidi kutiririka sakafuni. Mchungaji akaja kuomba. Ukuta ulitulia kama unasikiliza, ukabaki mbichi.

Dada yangu mkubwa, Tusekile, akaja kutoka Igogwe. Akaigusa ile alama ya kwanza, pale kidole cha mwisho kilipopinda, akakaa chini.

"Bibi yetu alikuwa na kidole hiki. Wewe unazaliwa, ameshazikwa hapo migombani. Nani kamwambia apake?"

"Mimi. Nilimkaribisha."

"Weee! Kwetu mwanamke anayepaka ukuta wa ndani ndiye mwenye nyumba. Umeshampa, mdogo wangu."

"Sasa nitamtoaje?"

"Utamtoaje mtu kwake?"

Neema alifika na mabegi yake. Akasimama kizingitini, mguu hakuingiza.

"Ulisema unaishi peke yako."

"Naishi peke yangu."

"Na huyo anayepaka huko ndani?"

Hapo nami nikasikia. Kiganja kikipita ukutani, polepole, cha mtu asiye na haraka.

"Mimi sikai nyumba ya mwanamke mwingine," alisema, akageuka na mabegi yake. Nilimfuata hadi barabarani nikieleza. Ningeeleza nini?

Siku hizi napanga chumba mji huu, mara mji ule, na Neema hapokei simu zangu. Wewe unayejenga, rangi ya ndani chagua mwenyewe. Akija mzee usiyemjua kukuambia nyeupe yenu haimo, msalimie, mpe kiti, mpe hata mwavuli wako. Nyumbani usimkaribishe.

Siku niliyoondoka Lupepo nilikuwa nimeshafunga mlango nikakumbuka koti langu. Nikarudi ndani, nikaugusa kuuaga ule ukuta uliokataa kukauka muda wote niliokaa humo.

Ulikuwa mkavu.