Chai Tuliyoonja Mlango Umefungwa

Mwezi uliopita nilikuwa Ruangwa mjini, nimefikia nyumba ya wageni, na asubuhi mhudumu akaniletea chai ya rangi kwenye chupa. Nikapiga funda la kwanza, likagoma kushuka. Yule binti akaniuliza taratibu kama sukari imezidi. Nikamwambia hapana, chai ni nzuri. Alikuwa ametia majani ya mndimu, basi. Lakini mwili wangu ulikuwa umeshasisimka, na masikio yanatafuta kitu huko nje, mimi mtu mzima mwenye watoto wa sekondari.

Tulikuwa tukiishi shambani, mbali kidogo na Lionja: mimi, mdogo wangu wa kike, mama, na bibi mzaa mama. Baba alikuwa Mbekenyera kwenye palizi ya ufuta. Sukari na majani ya dukani vilikuwa vya wageni na sikukuu. Siku nyingine tulikunywa chai za bibi. Alikuwa na mafungu ya majani makavu yamening'inia juu ya moto, mengine meusi kwa moshi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, Kimwera ndicho kilichomtoka vizuri, kwa hiyo ladha alizieleza kwa namna yake. Tangawizi alisema inauma bila meno. Kivumbasi, alichotupatia tukiwa na homa, alikiita chai ya kunyamazisha watoto, maana kwa ule uchungu hukuwa na la kusema.

Mwaka ule mvua zilikuwa nyingi. Nyasi zilipita kimo cha mtu, nguruwe pori wakaingia kwenye mahindi, na nyuma ya nguruwe akaja simba. Alianza na mbuzi wa kijiji cha jirani. Kisha tukasikia amechukua mtu. Tangu hapo jina lake halikutajwa kwetu; bibi alimwita mwenye pori. Hata chooni tulikwenda kwa kusindikizana, na kuku akipiga mbawa ghafla tulishikana mikono. Usifikiri woga ule ulikuwa wa gizani tu. Jua lilikuwa linawaka na sisi tunaogopa.

Asubuhi moja mama na jirani yetu, mama mmoja mcheshi aliyezoea kuja kunywa chai kwetu, waliteremka bondeni kuchota maji. Hawajakaa sana tukasikia debe linapigwa mfululizo upande wa kule. Sote tulijua maana yake: mwenye pori ameonekana. Bibi alituvuta ndani, akafunga mlango, akauegemezea kinu. Ulikuwa mlango wa mianzi tu. Mdogo wangu akaanza kulia akimtaka mama, na kilio chake kilikuwa kinapanda.

Bibi hakumfokea. Aliinjika sufuria, akashusha mafungu yake, akapanga vikombe vya bati sakafuni.

"Fumbeni macho," akasema. "Muonje, mniambie ulimi umekuta nini."

Nilionja mchaichai, nikasema ina harufu ya nyasi zikinyeshewa. Akasema kweli. Akatupatia tangawizi, mdogo wangu akakohoa na kusahau kulia. Kisha majani ya mpera, yenye ukakasi wa kukunja ulimi. Nikasema ni kama kung'ata bibo la korosho ambalo halijaiva, na bibi akaguna kwa kuridhika. Debe lilikuwa limenyamaza. Nilitaka kuuliza mama yuko wapi, lakini kila nikifungua mdomo nilikuta kikombe.

Kikombe cha mndimu kilikuwa mdomoni mwangu kuku walipokimbia. Halafu kitu kikasugua ukuta wa nje, polepole, kama mtu anayepita na gunia. Udongo ukadondoka kutoka kwenye fito. Nikafumbua macho. Kupitia nafasi za mianzi niliona mwanga unazibwa, unaachiliwa, unazibwa tena, na harufu ikaingia, nzito, ya manyoya mabichi. Chai ilinijaa mdomoni na koo likakataa.

Bibi alikuwa amemkumbatia mdogo wangu, kiganja kimefunika macho yake, kijiko kiko mdomoni mwake. Sauti yake haikubadilika hata kidogo.

"Usimeze bado," akaninong'oneza. "Tafuta uchungu uko wapi."

Nikautafuta. Ulikuwa pembeni mwa ulimi, na juu yake harufu ya ganda la ndimu, na chini kabisa utamu mdogo uliochelewa. Niliushikilia ule utamu. Sijui ilichukua muda gani. Mwanga ukarudi mlangoni, ukabaki.

Baadaye zikaja sauti za wanaume, na bunduki moja ikalia mbali. Mama aliletwa na watu wenye mapanga na mikuki, khanga imechanika, hana ndoo. Alikuwa amepanda mkorosho. Jirani alichelewa kidogo kupanda, akakamatwa mkono. Mama alimvutia juu kwa ule mwingine, akamwokoa hivyo. Alipelekwa hospitali Nachingwea akapona, ingawa mkono haukunyooka tena.

Mama alipoingia aliviona vikombe, akauliza tulikuwa tunafanya nini.

"Tulikuwa tunaonja chai," bibi akajibu. Akainua kikombe ili anywe na yeye, mikono ikamshinda. Ilitetemeka mpaka chai ikamlowesha kifuani. Mama akapiga magoti, akakishika kile kikombe na kumnywesha kama mtoto. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko muda wote, kwa sababu nilijua bibi naye alikuwa anaogopa.

Siku hizi pori lile halipo. Ufuta na mikorosho vimeshuka hadi bondeni, watoto wanatembea peke yao huku wanacheza na simu, na simba hajasikika miaka mingi. Simlilii. Bibi tulimzika, mafungu yake yakabaki pale juu mpaka nyumba ikaanguka.

Nilipotoka Ruangwa nilipita Chinongwe alikoolewa mdogo wangu, nikamuuliza kuhusu siku ile. Simba hamkumbuki, wala debe, wala kilio chake mwenyewe. Alichokumbuka ni kwamba bibi alimpa kijiko cha sukari tupu, akilambe chote, na hakuelewa kwa nini siku hiyo alipendwa kiasi kile.